Wanawake katika upandaji milima wa majira ya baridi

Upandaji milima wa majira ya baridi ni mchezo wa kukwea magenge yaliyofunikwa na theluji na barafu, mkwezi akiwa na shoka la barafu mkononi na meno ya chuma yaliyofungwa chini ya viatu. Ulikomaa katika milima ya Alps na huko Uskoti, hasa Ben Nevis (mita 1,345) na Cairngorms. Wanawake wamo tangu mwanzo, lakini hadi leo ni wachache kuliko wanaume.

Sababu inayotajwa haraka ni udhaifu wa mwili, na historia inaikanusha. Mwezi Januari 1874 Mmarekani Meta Brevoort alifika vilele vya Wetterhorn na Jungfrau. Miaka miwili baadaye Mwingereza Isabella Straton, pamoja na kiongozi wake Jean Charlet, ambaye baadaye alikuja kuwa mumewe, walikuwa katika kundi la kwanza kufika kilele cha Mont Blanc wakati wa baridi. Mwaka 1992 Mfaransa Catherine Destivelle alikwea peke yake uso wa kaskazini wa mlima Eiger, wakati wa baridi, kwa saa 17.

Sababu yenye uzito zaidi ni namna ujuzi unavyorithishwa. Kutambua theluji inayokaribia kuporomoka, kufunga kamba mahali pasipo na mwamba wa kutegemewa, kujua saa ya kugeuka: hayo hufunzwa kwa kumfuata mzoefu msimu baada ya msimu. Wazoefu walikuwa katika klabu, na klabu zilifunga milango. Scottish Mountaineering Club iliundwa mwaka 1889. Ilianza kupokea wanawake mwaka 1990. Kwa karne nzima mwanamume alimfunza mwanamume. Hata nje ya klabu, mke au mchumba aliyechukuliwa mlimani mara nyingi aliachiwa kushika kamba huku mwenzake akitangulia, na anayefuata tu hajifunzi kuongoza.

Mwili nao una neno lake, ila si nguvu. Vidole vya wanawake kwa wastani hupoa upesi zaidi, na ugonjwa wa Raynaud, unaobana mishipa ya damu vidoleni, huwapata zaidi wao. Aliyesimama muda mrefu kwenye barafu akishika kamba hulijua jambo hilo vizuri. Glovu na buti kwa miaka mingi zilishonwa kwa vipimo vya wanaume. Haja ndogo ukiwa umefungwa mikanda juu ya nguo tabaka kwa tabaka ni shida ambayo vitabu vingi vya mafunzo viliinyamazia.

Kisha kuna nyumbani. Barafu nzuri haingoji ratiba. Ikitokea, mtu huondoka kabla ya alfajiri, jambo gumu kwa mwenye watoto wa kuamsha. Na jamii humhukumu mama kwa mizani tofauti. Mwingereza Alison Hargreaves alipofariki kwenye mlima K2 mwezi Agosti 1995, akiacha watoto wawili, baadhi ya magazeti yalimlaumu kwa kuwaacha. Akina baba wanaofia milimani ni nadra kulaumiwa hivyo.

Waliofungiwa milango walijitafutia njia. Ladies' Scottish Climbing Club, iliyoanzishwa na wanawake watatu mwaka 1908, ingali hai, na bado ni ya wanawake peke yao.