Tofi za Vipeholm

Hivi umewahi kujiuliza nani alithibitisha kuwa pipi zinaozesha meno? Utasema hata bibi yako anajua hilo. Sawa. Lakini miaka ya 1930 madaktari walikuwa bado wanabishana. Wapo waliosema sukari, wapo waliosema ni lishe duni tu, upungufu wa vitamini. Na Uswidi, nchi tunayoisifia kwa afya, ilikuwa na meno mabovu kuanzia watoto hadi wazee. Mwaka 1938 serikali yake ikaanzisha huduma ya meno ya umma, gharama zikawa kubwa, ikabidi chanzo kitafutwe.

Kitafutwe kwa nani sasa? Nje kidogo ya mji wa Lund, kusini mwa nchi hiyo, kulikuwa na taasisi iitwayo Vipeholm, iliyofunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili. Walikula chakula kilekile, saa zilezile, na hawatoki. Kwa mtafiti, hapo ni maabara tayari. (Mimi ningepaita gereza, lakini tuendelee.)

Utafiti ulianza mwaka 1945, kwa vitamini. Mwaka 1947 ukageukia sukari. Wakazi wakagawanywa makundi: hawa sukari iliyoyeyushwa kwenye kinywaji, wale mkate wenye sukari, wengine chokoleti. Halafu wapo waliopewa tofi. Na hizi tofi, ndugu msomaji, zilitengenezwa maalum zinate kwenye meno. Kundi moja lilipewa 24 kwa siku. Viwanda vya pipi na chokoleti vilichangia utafiti huo. Wakazi hawakuombwa ridhaa, wala ndugu zao.

Majibu yalichapishwa mwaka 1954. Ikaonekana kwamba sukari inayoliwa pamoja na mlo haina madhara makubwa hivyo. Hatari ni ile inayonata, tena ikiliwa kila mara katikati ya milo. Daktari wa meno akikuuliza leo unakula vitu vitamu mara ngapi kwa siku, badala ya kiasi gani, swali lake lina mizizi Vipeholm. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waswidi wakaanza kushauriwa pipi ziliwe mara moja tu kwa wiki, na mpaka leo watoto wao wana pipi za Jumamosi.

Waliolipia ujuzi huo ni wale wa tofi 24. Meno yao yaliharibika vibaya mno, na wengi wao wasingeweza hata kusema jino linauma. Mwaka 2006 mwanahistoria Elin Bommenel aliandika tasnifu nzima kuhusu jaribio hili.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Ujuzi ule umetufaa sisi wengine. Lakini tafiti za karibuni katika nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili bado wanaongoza kwa fizi mbovu na meno yaliyooza bila kutibiwa. Na wakifikishwa kwa daktari, jino ambalo lako lingezibwa, lao mara nyingi linang'olewa.