Mkemia na Kwateti Ambayo Marafiki Hawakuitaka

Mwaka 1875, Alexander Borodin aliandika barua akieleza kwamba ameanza kuchora kwateti ya nyuzi, na kwamba habari hiyo imewatia kiwewe marafiki zake Stasov na Mussorgsky. Si kwamba walikuwa wameisikia wakaiona mbovu. Ilikuwa bado ni mchoro tu. Kilichowaudhi ni kwamba jamaa ameamua kuandika kwateti kabisa.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu karibu kila mtu ninayemjua mjini hapa ana kitu anachokipika usiku akitoka kazini: riwaya, filamu fupi, wimbo ulioko kwenye laptopu. Na kila mmoja ana rafiki aliyewahi kumtumia na kumwambia, "Cheki hii, niambie ukweli." Sasa huo ukweli unaambiwaje? St. Petersburg ya karne ya 19 ilijaribu majibu kadhaa, na tunajua kila jibu lilizaa nini.

Borodin, aliyezaliwa 1833, alikuwa daktari na profesa wa kemia. Muziki aliufanya pembeni. Utani wake ulikuwa kwamba watu wengine hutakiwa afya njema, lakini yeye marafiki humtakia ugonjwa, maana akiumwa haendi kufundisha na ndipo anapata muda wa kutunga. Wenzake nao hawakuwa tofauti sana. Rimsky-Korsakov alikuwa afisa wa jeshi la majini, Cui mhandisi wa ngome za kijeshi, na Mussorgsky karani wa serikali aliyewahi kuwa askari. Aliyewaongoza ni Mily Balakirev, kijana ambaye naye alijifunza mengi mwenyewe.

Balakirev alikosoa hivi: unamletea kazi, anaipiga kwenye piano, anafika mahali panapolegea, anasimama. Hasemi "inahitaji kazi zaidi" halafu akanyamaza. Anakuonyesha hapo hapo, kwa vidole vyake, jinsi ambavyo yeye angepaandika. Borodin alianza simfoni yake ya kwanza mwaka 1862 chini ya jicho hilo, akaimaliza 1867, na Balakirev mwenyewe akaiongoza jukwaani 1869. Profesa wa kemia akapata simfoni. Hilo si dogo.

Lakini Rimsky-Korsakov, kwenye kumbukumbu zake, anaeleza bei yake. Balakirev hakuvumilia njia nyingine isipokuwa yake. Akikuambia badilisha, alitaka ubadilishe vile alivyosema. Mussorgsky alipomaliza kipande chake cha okestra kuhusu usiku wa wachawi mlimani, mwaka huo huo wa 1867, Balakirev alikiponda na akakataa kukipiga. Mussorgsky alifariki 1881 bila kukisikia kikipigwa na okestra. Mkosoaji yule yule, sikio lile lile: mmoja alitoka na simfoni, mwingine akafunga kazi yake kwenye droo.

Turudi kwa kwateti. Ni vyombo vinne tu: fidla mbili, viola na selo. Fidla tunaijua kutoka taarabu, lakini huku hakuna mwimbaji wala ngoma ya kujificha nyuma yake. Sauti moja ikiwa haina kazi, inasikika mara moja kwamba haina kazi. Kwa marafiki wa Borodin, hata hivyo, shida haikuwa ugumu huo. Kwateti kwao ilinuka Ujerumani na darasa la muziki, wakati wao walitaka opera na nyimbo za Kirusi. Kwa hiyo maoni yao hayakuwa juu ya kazi yake. Yalikuwa juu ya kazi ambayo wao wangependa awe anaiandika. Hili tunalifanya sana: mtu anakuletea hadithi ya mapenzi, wewe unamuuliza siasa iko wapi.

Borodin hakubishana. Aliendelea polepole, akaimaliza 1879, na akaeleza wazi kwamba ilitokana na wazo la Beethoven, Mjerumani! Mwaka 1881 akaandika ya pili, akamtunukia mkewe Ekaterina, mpiga piano. Borodin mwenyewe alipiga selo kwa kujifurahisha, na inasikika: sehemu ya tatu inaanza na selo ikiimba juu kabisa, kama mtu anayesema jambo aliloliweka muda mrefu, kisha fidla ya kwanza inalipokea.

Jibu la tatu lilitoka kwa mfanyabiashara wa mbao, Mitrofan Belyayev, aliyepiga viola bila kulipwa. Kila Ijumaa watu walikutana kwake kupiga kwateti, zikiwemo mpya. Hapo ukosoaji hauanzi na hotuba. Unaanza na kupiga. Mpiga viola akichoka kurudia noti moja ukurasa mzima, mtunzi anaona. Mpiga selo akikwama kwenye ruko fulani, linakwama mbele ya wote. Baada ya hapo unaweza kutenganisha mambo mawili tunayoyachanganya kila siku: "hapa hapapigiki" na "hapa sipapendi". La kwanza ni la kurekebishwa. La pili ni la mtunzi kuamua.

Nikiletewa kazi ya mtu siku hizi, naisoma kwa sauti kabla sijafungua mdomo kutoa maoni. Nataja ukurasa na mstari. Namuuliza alikuwa anatafuta nini. Kama Balakirev, najaribu kuwa mahususi. Tofauti na yeye, kalamu naiacha mkononi mwa mwenyewe.

Mwaka 1886, Rimsky-Korsakov, Lyadov, Glazunov na Borodin waliandika pamoja kwateti ya kumpongeza Belyayev, kila mmoja sehemu yake, kwa noti zinazotamka jina lake. Kundi lililotoka kwa watu walioogopa kwateti sasa lilikuwa linaitumia kama kadi ya sherehe. Borodin alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 53, opera yake *Prince Igor* ikiwa haijaisha. Rimsky-Korsakov na Glazunov ndio walioimalizia. Lakini ile kwateti ya pili, ndugu yangu, aliimaliza mwenyewe.