Olpiron: Wazee Wanaowasha Moto

Kwa Wamaasai wa Kajiado, rika jipya la vijana haliingii utu uzima peke yake. Nyuma yake husimama wazee wa olpiron, watu wa rika lililotangulia kwa hatua mbili. Jina hilo linatokana na vijiti vya kupekechea moto, kwa sababu wazee hao ndio wanaowasha moto wa kuanzisha rika la vijana wao.

Kuanzia hapo huwa walezi, waamuzi na watetezi. Huwafunza adabu, huwakemea wakikosea, na huwabariki katika sherehe tatu kuu: Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr. Laana yao inaogopwa sana.

Rika lililo katikati ya hayo mawili lina wazee wake wengine wa olpiron. Hivyo jamii nzima hugawanyika katika minyororo miwili ya marika, kila mmoja ukiwaunga mkono watu wake.

Utaratibu huu ulivuka misukosuko mikubwa. Mikataba ya 1904 na 1911 na Waingereza iliwanyang'anya Wamaasai malisho ya kaskazini. Baadaye ranchi za pamoja, zilizotungiwa sheria mwaka 1968, ziligawanywa vipandevipande. Kitengela, palipokuwa malisho, pakawa mji wa maduka na nyumba za kupanga.

Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe hizo tatu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Septemba 2020, maelfu ya wanaume walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kajiado, kwa Olng'esherr, wakavuka kutoka umorani, yaani ujana wa shujaa, na kuwa wazee.