Feza ya kitabu na feza ya kofa

Kwenye mizania ya benki mstari wa kwanza ni feza taslimu: noti zenye ziko mu kofa, pamoja na akiba yake kule Benki Kuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwetu Zaire, noti na akiba ziliachana. Baba alionyesha kitabu chake Bukavu, karani akajibu: "Mzee, feza yako iko, ila noti hakuna." Oktoba 1993 zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya za zamani 3.000.000, Kasai wakaikataa. Akiba ya Baba haikununua hata sabuni. Mpaka leo Mama anaficha dola nyumbani. Tusimcheke. Kabla ya kusifu faida ya benki, tuulize kwanza: mu kofa muko ngapi?