Uwazi na faragha katika mitandao ya kijamii

Uwazi na faragha katika mitandao ya kijamii ni suala la mtu kuamua ni yapi ya maisha yake ayaweke mbele ya anaowasiliana nao kupitia Facebook, WhatsApp, Instagram na mitandao mingine, na ni yapi abaki nayo. Wengi huyaona mawili haya kama mahasimu: kila uwazi unapozidi, faragha hupungua. Mtazamo huo haujitoshelezi. Mtu anaweza kusema mengi akabaki salama, na mwingine akasema machache akadhurika. Tofauti yao ni kama anayezipokea taarifa naye anafahamika, na kama anaweza kuulizwa amezitumiaje.

Mfano mzuri uko kwenye biashara ya korosho mkoani Lindi. Mkulima wa kata kama Narung'ombe, wilayani Ruangwa, hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi (AMCOS), kilicho chini ya chama kikuu cha RUNALI kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku ya mnada bei za wanunuzi hutajwa hadharani, ya juu na ya chini, na wakulima wenyewe ndio wanaokubali au kukataa kuuza. Mnada umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), lakini bei bado hutangazwa. Pamoja na uwazi wote huo, namba ya akaunti ya mkulima haisomwi mnadani; wanaoijua ni chama na benki, na fedha zikipotea anajua mlango wa kugonga. Kilicho wazi ni kile ambacho wote wana haki ya kukikagua.

Mitandao imeuvuruga mpango huo. Anayeingizwa kwenye grupu la WhatsApp la michango ya harusi anaonyesha namba yake kwa watu ambao pengine hajawahi kukutana nao. Yeyote kati yao akianza kumtumia pesa kwa simu, huletewa jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Utaratibu huo umewekwa ili mtu asikosee namba, lakini humpa jina hata asiyenuia kutuma kitu. Ongeza picha ya wasifu na status ya msiba au ya malipo ya msimu, na tapeli amepata vya kutosha kujifanya ndugu. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliofikia ukomo Januari 2020, haukuumaliza ujumbe wa kitapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeweka namba 15040 ya kuripotia matapeli.

Isitoshe, anayejianika huwaanika na wengine. Kashfa ya Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia kwa siasa taarifa zilizokusanywa kwa dodoso la mtandaoni, ilifichuka mwaka 2018 na iligusa watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87; wengi wao hawakulijaza dodoso hilo, ila rafiki zao walilijaza. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa kusudi moja isigeuziwe jingine.

Zipo hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba fundi au muuza ufuta asipoonekana hapati wateja. Ni kweli, ila kinachopaswa kuonekana ni kazi na bidhaa. Laini ya biashara na lipa namba vinamwezesha kuuza bila kuanika watoto wake na ratiba ya nyumbani. Ya pili ni kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Mkulima wa korosho naye hana kosa, na bado hasomi salio lake mbele ya umati. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba faragha huwakinga waovu wenye akaunti bandia. Lakini tapeli hustawi kwa sababu yeye amejificha na wenzake wako wazi, na uwazi wa upande mmoja ndio unaopingwa hapa. Tofauti naye ni raia anayefichua ubadhirifu kwa jina la bandia, kama ilivyozoeleka kwenye jukwaa la mijadala la JamiiForums, lililoanzishwa 2006: anajikinga dhidi ya wenye nguvu kumzidi, huku madai yake yakibaki wazi kuchunguzwa na wote.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuweka jambo mtandaoni ni nani atalipokea, na akilitumia vibaya atapatikana wapi. Jibu likijulikana, kama kwenye grupu la ukoo ambalo kila mmoja anamfahamu mwenzake, uwazi hujenga imani na hauna sababu ya kubanwa. Lisipojulikana, ni busara status ionwe na wateule, ruhusa ya kuingizwa kwenye magrupu ibaki kwa walio kwenye orodha ya namba zako, na picha ya mtoto au mgonjwa isubiri ridhaa ya mhusika au mlezi wake.