Siri, Msiba na Radhi: Nyumba katika Riwaya ya Kiswahili

Miongoni mwa visa vya kale vya siri ya nyumba katika fasihi ya Kiswahili, kinachouma kuliko vyote ni kifo cha Fumo Liyongo. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ukifuata masimulizi yaliyotembea pwani kwa karne nyingi, unaeleza kwamba shujaa huyo hakudhurika kwa mshale wala mkuki. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mtawala wa Pate, aliyemwogopa, alimrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Kijana akamuuliza baba yake siri ya mauti yake. Baba aliona dalili za hiana, na bado akamwambia. Sindano ilipoingia, Liyongo alikwenda kisimani akapiga goti, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji hata pale alipokuwa ameshakata roho. Mama yake alikwenda kumbembeleza aondoke, asijue kwamba anamsihi maiti.

Katika kisa hicho mna siri, hiana na msiba, lakini hamna radhi. Mwana hakupata nafasi ya kuiomba, na baba hakubaki hai aitoe. Pengo hilo ndilo ambalo riwaya ya Kiswahili ya karne ya 20 ilikuja kulishughulikia: siri ya nyumba ikishatoka, na walioumia wakishaumia, ni kitu gani kinachoweza kuwarudisha watu kwenye mkeka mmoja?

Kwa nini nyumba hufunga mlango

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Methali hiyo inabeba maadili mazito ya pwani, yaani sitara. Kumsitiri ndugu ni wajibu, na mambo ya chumbani kupelekwa barazani ni fedheha ya ukoo mzima. Lakini sitara hiyo hiyo inayomlinda mnyonge humlinda pia dhalimu, na waandishi wengi wa riwaya wamesimama katikati ya mambo hayo mawili.

Uzito wa siri unatokana zaidi na nasaba na mirathi. Kwa sheria ya Kiislamu inayofuatwa na jamii nyingi za pwani, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hamrithi baba yake. Neno moja kuhusu nani amemzaa nani linaweza kuamua shamba litakuwa la nani na binti ataolewa na nani. Kwa hiyo katika riwaya hizi siri na mali hutembea pamoja: anayeficha mtoto anaficha haki, na anayeficha hati anaficha ndugu.

Kwa upande wa pili ipo radhi, neno lenye uzito kuliko msamaha wa kawaida. Mtu husamehewa na yeyote aliyemkosea, lakini radhi ya mzazi inaaminika kufungua njia za maisha, na kuikosa ni laana. Desturi ya mazishi nayo inaonyesha jinsi jambo hili linavyochukuliwa: kabla ya kuzika, jamaa za marehemu hutangaza kwamba mwenye deni ajitokeze, na aliyekosewa awe radhi. Deni na kosa hutajwa kwa pumzi moja, mbele ya watu.

Manyani wa Adili

Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ndiye aliyelileta jambo hili katika hadithi ndefu ya nathari. Kitabu chake *Adili na Nduguze* kilitoka mwaka 1952. Adili ni liwali mwema anayemtumikia mfalme Rai, lakini nyumbani kwake mna jambo la kutisha: kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili, kisha huwalisha na kuwabembeleza huku akilia. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, anaiona siri hiyo usiku, na mfalme anataka maelezo.

Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Kwa husuda walimtosa baharini katika safari ya biashara, na jini aliyekuwa na deni la wema kwa Adili akawageuza wanyama na kuamuru wapigwe kila usiku. Umbo la kisa ni la hadithi za kale za majini, lakini Shaaban Robert amelitumia kusema jambo la nyumbani: adhabu ya ndugu humpiga pia anayeitoa. Adili anateseka pamoja na waliomdhulumu. Manyani wanarudi kuwa watu baada ya kisa kizima kusimuliwa mbele ya mfalme na mfalme kuwaombea. Mpangilio huo, kwanza kusema kisha kusamehe, ulibaki katika riwaya zilizofuata, ijapokuwa waandishi wa baadaye hawakuwa na jini wala mfalme wa kuwasaidia.

Shamba, damu na kisasi

Miaka ya 1970 ilibadilisha sura ya nyumba katika riwaya. Uhuru ulikuwa umepatikana, Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalikuwa yamegeuza umiliki wa mashamba, na waandishi vijana waliacha falme za kubuni wakaingia katika nyumba zenye anwani.

Katika *Nyota ya Rehema* (1976), Mohamed Suleiman Mohamed alimwandika Rehema, binti wa Fuad, mwenye shamba wa Unguja ya kabla ya Mapinduzi. Rangi ya mtoto inamtia baba shaka, na shaka hiyo inamfanya binti awe mgeni katika nyumba ya kwao. Baadaye Fuad anampa kipande cha ardhi, na Rehema na mumewe Sulubu wanakilima kwa jasho lao. Lakini zawadi ya baba haikuandikwa. Fuad anapokufa, warithi wanakuja kudai, na neno la marehemu halisimami mahali pa hati. Baba alijuta moyoni, ila majuto yake hakuyatamka hadharani, kwa hiyo hayakumwokoa mtoto wake.

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alifuata na *Asali Chungu* (1977), yenye mtoto wa nje ya ndoa anayeibeba siri ya tajiri, kisha *Utengano* (1980). Katika *Utengano*, Maksuudi, mtu mwenye mali na jina, anamfungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna kwa jina la heshima, ilhali heshima yake mwenyewe imejengwa juu ya dhuluma alizowafanyia wanawake waliomwamini. Mlango unapofunguliwa, nyumba inasambaratika. Maksuudi anaanguka kutoka utajirini hadi kwenye ufukara na ugonjwa, na hapo ndipo anapowaendea aliowadhulumu kuomba radhi. Mwandishi anamlazimisha aende kwa miguu yake mwenyewe, tena akiwa hana kitu cha kutoa isipokuwa ungamo.

Bara nako jambo hilo lilipata mwandishi wake. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alianza na *Rosa Mistika* (1971), riwaya iliyopigwa marufuku shuleni kwa muda, ambamo ukali na ulevi wa baba, Zakaria, unamharibu binti aliyedhani anamlinda. Katika *Kichwamaji* (1974) alikwenda mbali zaidi. Kazimoto anampoteza dada yake Rukia baada ya Manase kumpa mimba. Badala ya suluhu anachagua kisasi: atamharibu Sabina, dada wa Manase. Lakini anampenda, anamwoa, na nyumba iliyojengwa juu ya kisasi inazaa msiba mwingine. Kazimoto anajiua. Hakuna riwaya ya Kiswahili iliyoonyesha kwa ukali kuliko hii kinachotokea pale msamaha unapokataliwa: deni la damu linahamia kwa asiyelikopa.

Mtoto anayemtafuta baba

Mwishoni mwa karne swali liligeuzwa. Wazee ndio waliokuwa wakificha. Sasa mtoto ndiye anayetafuta. Ken Walibora, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2020, alichapisha *Siku Njema* mwaka 1996. Msanifu Kombo, anayejulikana kama Kongowea Mswahili, analelewa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu. Mama anapofariki, kijana anaanza safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Riwaya hiyo ilisomwa shuleni Kenya kwa miaka mingi, na kizazi kizima kilijifunza Kiswahili sanifu kupitia yatima anayeuliza jina la baba yake.

Walibora alilirudia jambo hilo kwa ukubwa zaidi katika *Kidagaa Kimemwozea* (2012). Mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora, jina linalomsuta kila linapotajwa, kwa kuwa ardhi aliyonayo ameipata kwa damu na hati za kughushi, na mtoto aliyemzaa nje ya ndoa anatupwa mlangoni kwa Amani, mfanyakazi wake. Amani ni mjukuu wa mzee aliyedhulumiwa ardhi hiyo. Ukweli unapofichuka, Amani hachukui njia ya Kazimoto. Anapoipata ardhi anaigawa kwa walionyang'anywa. Mtemi hawezi kuubeba msamaha huo, anajitia kitanzi. Hapo riwaya inatoa fundisho gumu: kusamehewa nako kunahitaji ujasiri, na wapo wanaoona afadhali kufa kuliko kuishi wakiwa wamejulikana.

Siri zilizovuka bahari

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuondoka kijana kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi, huandika kwa Kiingereza, lakini nyumba zake ni zile zile. Katika *By the Sea* (2001), mzee Saleh Omar anawasili Uingereza akiomba hifadhi kwa pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Jina hilo ni la mwanaume ambaye familia yake iliipoteza nyumba kwa Saleh katika ugomvi wa madeni na urithi. Mtoto wa mtu huyo, Latif, anaishi London. Wazanzibari hao wawili wanakutana katika mji mdogo wa pwani ya ugenini, na kila mmoja anasimulia upande wake: nyumba iliyopotea, miaka ya kifungo, mke na mtoto waliokufa Saleh akiwa gerezani. Hakuna hakimu wala mzee wa ukoo. Kusikilizana ndiko kunakofanya kazi ya suluhu.

Katika *Gravel Heart* (2017), Salim anakua bila kuelewa kwa nini baba yake alihama nyumbani akajifungia katika chumba cha peke yake. Jibu analipata akiwa mtu mzima, mama akiwa amekwisha kufariki: mama alijitoa kwa mkubwa wa serikali ili kumwokoa kaka yake aliyekuwa kizuizini. Baba alikaa kimya kwa kumsitiri. Sitara iliyokusudiwa kuwa rehema iliigharimu familia maisha yake yote.

Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake *Paradise* ya mwaka 1994 ilitoka Dar es Salaam kwa jina la *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye mvulana anamdhani kuwa jamaa yao. Anakuja kuambiwa kwamba Aziz si ndugu hata kidogo. Baba yake ana deni, na yeye mtoto ni rehani. Kufikia wakati ambapo Yusuf angeweza kumuuliza baba yake kwa nini, baba amekwisha kufa. Kama mwana wa Liyongo na baba yake, wawili hao wanatengana bila radhi kuombwa wala kutolewa, ingawa safari hii aliyetolewa kwa siri ni mtoto.