Kutoka Kiwele hadi Chupa: Ulezi wa Ndama katika Mashamba Madogo ya Nyanda za Juu za Kenya, 1925–1992

Utangulizi

Historia ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya imeandikwa zaidi kwa kufuata lita zilizouzwa, viwanda vilivyojengwa na sera zilizotungwa. Ndama, ambaye kwa asili maziwa hayo ni yake, hutajwa kwa nadra. Insha hii inamrejesha katika historia hiyo. Hoja yake ni kwamba desturi ya kumtenga ndama na mamaye na kumlisha kwa ndoo au chupa ilihamia katika shamba dogo bila uchumi ulioizaa. Pengo lililobaki lilizibwa kwa kazi ya familia, hasa ya wanawake, au lililipwa kwa afya ya ndama mwenyewe.

Ndama kama ufunguo wa maziwa

Ng'ombe wa asili mwenye nundu hashushi maziwa kwa wepesi ndama wake asipokuwapo. Kwa hiyo mkamuaji alimwachilia ndama anyonye kidogo, akamfunga kando wakati wa kukamua, kisha akamwachia masalio. Ndama alipokufa, baadhi ya jamii za wafugaji zilijaza majani katika ngozi yake na kuiweka mbele ya ng'ombe ili ainuse na kushusha maziwa. Katika utaratibu huo binadamu na ndama waligawana kiwele kimoja, na kifo cha ndama kilitishia moja kwa moja chakula cha nyumba.

Ndoo ya mlowezi

Walowezi wa Kizungu walileta ng'ombe wa Ulaya, wakiwamo Friesian, Ayrshire na Jersey, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wamechaguliwa kwa wingi wa maziwa na waliweza kukamuliwa bila ndama. Soko kuu la walowezi lilikuwa la siagi. Kampuni ya Kenya Co-operative Creameries (KCC), iliyoanzishwa mwaka 1925, ilijengwa juu ya biashara hiyo. Mlowezi alitenganisha krimu kwa mashine shambani mwake, akaipeleka kiwandani, na maziwa yaliyoenguliwa akawapa ndama na nguruwe. Ndama wake, baada ya siku za mwanzo, alilelewa kwa mabaki ya biashara. Kumtenga na mamaye kulileta faida bila kumnyima chakula.

Mbinu yahama, mabaki yabaki nyuma

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika njia ya kumiliki ng'ombe wa gredi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, vyama vya ushirika na huduma ya upandishaji kwa mirija vilieneza ng'ombe hao katika mashamba ya ekari chache. Hata hivyo, mkulima mdogo aliuza maziwa kamili, si krimu. Hakuwa na maziwa yaliyoenguliwa ya kumpa ndama. Kila lita iliyoingia kwenye chupa ilikuwa lita iliyokosekana kwenye mkebe wa chama. Ndama anayepewa lita 4 kwa siku kwa wiki 12 hunywa lita 336. Kwa familia iliyotegemea maziwa kulipa karo, hesabu hiyo haikuwa nyepesi.

Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Ufugaji wa Maziwa, ulioanza mwaka 1980 kwa ushirikiano na Uholanzi, ulihimiza ufugaji wa ndani: ng'ombe bandani, nepia ikikatwa na kuletwa, ndama katika kizimba chake. Mfumo huu uliongeza kazi. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, kwa kuwa kondo la ng'ombe halizipitishi. Sharti azipate katika dang'a, hasa ndani ya saa 6 za kwanza, kwani baada ya takriban saa 24 utumbo wake hauzipokei tena. Baadaye maziwa yake yanapaswa kuwa na uvuguvugu wa mwili wa ng'ombe, chupa iwe safi, na saa za kunywa zisibadilike. Uzembe katika lolote kati ya haya huweza kuleta kuhara, na kuhara huua upesi. Mara nyingi kazi hiyo iliwaangukia mama na watoto, ilhali katika vyama vingi malipo ya maziwa yaliandikwa kwa jina la mume.

Maziwa ya jioni

Mara nyingi vyama vilikusanya maziwa ya asubuhi tu. Maziwa ya jioni yalibaki nyumbani, na humo mama alipata nafasi ya kuamua: chai, watoto, jirani, ndama. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, wachuuzi walioweza kununua hata maziwa ya jioni kwa fedha taslimu waliongezeka. Pale walipofika, fungu la ndama nalo likapata bei. Ndama dume, asiye na ahadi ya maziwa, ndiye aliyepunjwa kwanza. Mtamba aliyepunjwa alidumaa, akachelewa kupata joto na kuzaa. Akiba ya leo ikawa deni la miaka ijayo.

Hitimisho

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wataalamu wa ugani wameielekeza methali hiyo kwa mfugaji, wakimlaumu kwa ujinga ndama anapodhoofu. Historia iliyojadiliwa hapa inaonyesha kwamba, mara nyingi, mfugaji alijua alichokifanya: alikuwa akigawa kiasi kisichotosha kati ya vinywa viwili. Sera inayotaka mitamba bora haina budi kuuliza kwanza ni nani anayeshika chupa, na ni nani anayepokea malipo ya maziwa yasiyoingia humo.